Jini asiletwe ukurasa wa mwisho

Kwa Mhariri,

Salamu kutoka Nakuru. Mi ni soja wa usiku, nalinda godauni moja la mahindi huku upande wa viwandani, naingia saa kumi na mbili jioni natoka saa kumi na mbili asubuhi, na miaka yote hii kitu kinachoniweka macho si chai, ni riwaya. Gazeti lako pia nalisoma, linanifikia likiwa limeshapita kwa karani na kwa dereva, ndo maana naandika kuhusu jambo lililotoka wiki mbili zilizopita. Kuna msomaji mwenzetu aliandika hapa kwamba hadithi za upelelezi zenye mizimu na majini ziachwe kabisa, ati zinarudisha watu nyuma, zinafanya vijana waamini kila kifo kina mkono wa mtu. Ile barua niliikata nikaiweka kwa mfuko wa jaketi, nimeisoma labda mara tano sasa, na kila nikiisoma naona huyu ndugu amekasirikia kitu cha kweli lakini amempiga asiye na kosa.

Nianze pale tunapoelewana. Juzijuzi niliazima riwaya moja, jina nalihifadhi juu mwandishi bado ni kijana na nia anayo. Ilianza vizuri sana. Mzee amekufa ndani ya chumba kilichofungwa kwa ndani, komeo liko mahali pake, dirisha lina nondo, wake wawili kila mmoja ana sababu yake, mtoto wa kambo ana deni, na kijana wa kazi amedanganya kuhusu alikokua usiku ule. Niliisoma zamu tatu mfululizo, nikachora hata ramani ya ile nyumba nyuma ya rejista ya magari, mlango huku, kitanda huku, jikoni pale. Kufika ukurasa wa mwisho kabisa, jini. Jini amepita ukutani akamkaba mzee na kupotea, basi, hadithi imekwisha, wake wawili na deni na uongo wa yule kijana vyote vimeachwa hapo kama vyombo visivyooshwa. Huyo jini hakua ametajwa hata mara moja kwenye kurasa zaidi ya mia mbili. Nilihisi kama mtu aliyelipa nauli ya Eldoret akashushwa Salgaa.

Kwa hivyo kama ni vitabu vya aina hiyo ndugu yetu amekua akisoma, hasira yake naielewa na niko naye. Lakini kosa si la jini jamani. Kosa ni kumficha jini mpaka mwisho halafu kumtoa ili afanye kazi ambayo mwandishi ameshindwa kuifanya.

Sasa namwomba, na naomba kwa heshima, atafute Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla. Yangu niliinunua kwa mama anayetandaza vitabu chini kando ya barabara, haina jalada, na zile kurasa za mbele zinashikwa na uzi wa gunia niliouingiza mwenyewe kwa sindano ya kushonea magunia. Hadithi hiyo ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957 na 1958, kisha ikatoka kama kitabu mwaka 1960, yaani hata Kenya haijapata uhuru, na mpaka leo ukiisoma peke yako saa nane za usiku lazima ugeuke uangalie nyuma.

Kitu cha kwanza kilichonishika ni jina lenyewe. Sisi watu wa bara tukisikia mzimu tunafikiria marehemu amerudi kutembea. Mi nilikinunua kile kitabu nikingoja marehemu. Kumbe kwa Waswahili wa pwani na visiwani mzimu pia ni mahali, ni pale watu wanapoenda kutambika, kuweka nadhiri, kufukiza ubani, kuomba wakubwa waliotangulia. Nilipoelewa hilo nilirudi ukurasa wa kwanza nikaanza upya, manake nilikua nimesoma kurasa nyingi nikiwa nimepotea ndani ya neno moja. Tajiri mmoja, Bwana Ali, amekutwa amekufa pale mzimuni, na watu jibu wanalo tayari kabla hata ya swali kuulizwa. Hapo ndo anaingia mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, yeye na rafiki yake Najum, na Inspekta Seif wa polisi. Sitasema nani alifanya nini na kwa nini, juu kumharibia mtu hadithi ya upelelezi ni kumwibia, ila nitasema hivi: mzimu ule haukuletwa mwisho kuokoa mwandishi. Uko kwenye jina, uko mwanzoni, na unasoma huku umeushika mkononi ukijiuliza je ni hao watu wa kale kweli, ama kuna mtu mwenye miguu na mikono ambaye anajua watu wote wanaogopa pale mahali.

Na hapo ndo naachana na ndugu yetu kabisa. Anasema vitabu hivi vinafundisha uoga. Mi naona kile kitabu kinafanya kinyume, kinakuchukua na uoga wako vile ulivyo, hakikuchekelei, hakikuambii we ni mshamba, kinakutembeza nao hadi mahali ambapo unaanza mwenyewe kuuliza, sasa nani alikua wapi? nani alifaidika? Kitabu kisicho na mzimu ndani hakiwezi kukufanyia hivyo, juu hakijagusa pale unapoogopa.

Nimesoma kidogo juu ya maisha ya Abdulla. Alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, na kabla ya kuingia kwa magazeti mwaka 1948 alifanya kazi ya ukaguzi wa afya kama miaka kumi. Mi nafikiri, na hii ni fikra yangu tu, kwamba yule mkaguzi wa afya ndiye Bwana Msa mwenyewe. Fikiria ile kazi. Unaingia kwa boma la watu, watoto watatu wanaharisha, kila mtu anasema ni jicho la jirani, bibi ameshafunga hirizi mlangoni, na wewe unasalimia vizuri, unakaa, unakunywa maji unayopewa ama unakataa kwa adabu, halafu unauliza choo kiko wapi na kisima kiko wapi na mvua ikinyesha maji yanaelekea wapi. Huwezi kuwatukana, utafukuzwa. Lakini pia huwezi kuandika jicho la jirani kwenye ripoti. Mtu aliyefanya kazi hiyo miaka kumi amejifunza kusikiliza hadithi ya mzimu huku macho yake yako kwa mtaro.

Watu husema Bwana Msa ana damu ya Sherlock Holmes na ni kweli, kiko kinaonekana. Lakini angalia mwenye Holmes, Arthur Conan Doyle. Alituumbia mpelelezi anayetaka ushahidi wa kila kitu, na yeye mwenyewe aliamini kabisa kwamba wafu wanaongea na walio hai, hadi mwaka 1922 akatoa kitabu kizima cha kutetea picha za viumbe vidogo vyenye mabawa ambazo wasichana wawili Waingereza walisema wamezipiga bustanini. Kwa hivyo kuamini ama kutoamini si ndo jambo. Anayeamini anaweza kuandika hadithi ya haki, na asiyeamini anaweza kutudanganya mchana kweupe.

Niruhusu nieleze kitu kilichonipata mwenyewe, juu bila hicho nisingekua nimeandika barua hii.

Nilipoajiriwa hapa nilikuta masoja wawili wameshaacha kazi. Walisema darini kuna mtu anakoroma. Hili godauni ni la kitambo, upande wa ofisi lina siling ya mbao, na inasemekana kuna karani alifia humo miaka ya nyuma. Usiku wangu wa tatu, saa nane ikipita kidogo, nikasikia. Haikua kukoroma hasa, ilikua kama mtu mwenye pumu anavuta pumzi kwa meno, hhhsssss, ndefu, ananyamaza, halafu mwingine anamjibu kutoka pembe ingine. Nywele zilinisimama. Nilitoka nje nikakaa kwa geti na rungu mapajani mpaka adhana ya alfajiri, na asubuhi nikafagia ofisi kama kawaida na kwenda nyumbani nikijua sitarudi.

Nilirudi juu ya karo ya mtoto. Na kwa mfuko nilikua na Mzimu wa Watu wa Kale, wakati huo nimefika katikati. Nikasoma kidogo, nikasikiliza kidogo, nikajiuliza huyu Bwana Msa angekua hapa angefanya nini, na jibu likawa rahisi, angeniuliza nimeona nini, si nimesikia nini. Nimeona nini? Ndo nikakumbuka vile vidonge. Kila asubuhi chini ya ubao mmoja ulioachana nilikua nafagia vidonge vyeusi vilivyokauka, urefu wa kidole gumba, nikidhani ni uchafu wa paka. Kulipopambazuka nikachukua kimoja nikakiweka juu ya gazeti, nikakipasua kwa msumari. Ndani kulikua na manyoya ya kijivu yameshikana kama pamba chafu, na katikati ya manyoya fuvu zima la panya, jepesi kama ganda la njugu, meno ya mbele bado yana rangi ya chungwa, na kando yake taya ndogo mbili na mifupa kama njiti za kiberiti zilizopasuliwa. Kimoja kingine kilikua na mafuvu matatu.

Nikaazima ngazi kwa fundi wa mabati, nikasukuma ule ubao, nikaingiza tochi. Makinda manne ya bundi, nyuso nyeupe zimekatwa kama moyo, yamejibana pembeni yakiyumbisha vichwa huku na huku, yakinipigia ile sauti ya pumu kwa nguvu zote. Nilikaa pale juu ya ngazi nikiwaangalia nafikiri dakika kumi, mikono inatetemeka, sijui kama ni uoga ama furaha.

Nitakueleza kitu Mhariri. Kuna wenzangu nilipowaambia walisema bora angekua marehemu, juu bundi ni mkosi mkubwa zaidi, na mmoja mpaka leo hapiti chini ya ile siling. Sikuwacheka. Bosi aliposikia wanakula panya akasema waachwe hapo hapo. Lakini kwangu mimi kilichobaki si bundi, ni vile vidonge, yale manyoya na mifupa ambayo bundi huyatapika akishakula panya. Vilikua sakafuni tangu siku ya kwanza. Nilivifagia kwa mkono wangu. Hao masoja wawili walioacha kazi pia walivifagia. Hadithi nzuri ya upelelezi yenye mizimu inakufanyia hivyo hivyo, inakuwekea ukweli chini ya miguu halafu inakupa sauti darini ili uangalie juu. Yule kijana wa jini hakuniwekea kidonge hata kimoja.

Sasa wengine watauliza, kwa hivyo mzimu lazima ugeuke kuwa bundi kila mara? Lazima kuwe na maelezo ya kawaida? Kuna padri Mwingereza anaitwa Ronald Knox, naye alikua mwandishi wa hadithi hizi, mwaka 1929 aliweka sheria kumi za kuziandika, na ya pili inakataza mambo ya kimiujiza yote. Nilivyoijua sheria hiyo niliipenda nikaishika miaka mingi, nikawa nafunga kitabu kikionyesha dalili ya uchawi. Aliyenifanya niiachilie ni mzee tunayefanya naye zamu, mtu wa kutoka Ahero, na alifanya hivyo kwa hadithi ambayo watoto wa kwao wanaijua kabla ya kwenda shule, ya Lwanda Magere, shujaa wa Wajaluo.

Kuna taa kubwa ya usalama pale geti. Mzee akisimulia husimama chini yake makusudi, kivuli chake kinalala chini kwa kokoto. Anasema Lwanda Magere mkuki ulikua ukimgonga unaanguka, juu mwili wake ulikua jiwe. Wanandi wamepigwa vita baada ya vita mpaka wakaamua kumpa binti yao mrembo awe mke wake. Shujaa anaugua, mke mkubwa hayuko, anamwambia huyu mdogo achukue kisu amchanje ampake dawa. Anajaribu mwilini, kisu hakiingii. Anamwambia, si mimi, chanja kivuli. Hapo mzee anainama, anashika kisu cha hewa kwa vidole viwili, anachora mstari kwa kokoto juu ya kivuli chake mwenyewe, na naapa kila mara naangalia kama damu itatoka. Kwa hadithi inatoka. Binti anatoroka usiku huo kurudi kwao, na vita vinavyofuata mkuki unarushwa kwenye kivuli, shujaa anaanguka, anageuka mwamba, na huo mwamba unaonyeshwa hadi leo upande wa Muhoroni.

Padri Knox angeikataa. Na mi nilimwambia mzee hivyo. Akaniuliza, umedanganywa wapi? Nikafikiria zamu nzima nikakosa pa kushika. Muujiza uko, lakini sheria yake imewekwa wazi. Tunajua mwili ni jiwe tangu mwanzo, tunajua kuna njia maana mtu yeyote huwa na njia, tunaona binti akiwekwa pale kutafuta, na jibu linatolewa na shujaa kwa mdomo wake mwenyewe akiwa mgonjwa. Kivuli kilikua kinamfuata kila vita, kila mtu alikua anakiona. Hicho ndo kidonge cha sakafuni. Basi saa hii mi husema hivi: mzimu aingie, jini aingie, lakini aingie kwa mlango wa mbele, tujue anaweza nini na hawezi nini, halafu mwandishi asimwongezee nguvu njiani.

Na ndugu zangu waandishi wa huku, mnangoja nini? Hapa juu ya mji tuna Menengai, shimo la volkano la kilomita kama 12 kwa 8, ukisimama ukingoni huoni mwisho wa mawe meusi. Wazee wanasimulia vita vya Wamaasai wa karne ya 19, morani walioshindwa wakasukumwa mle ndani, na mvuke unaopanda ati ni roho zao. Wakikuyu wanapaita Kirima kia Ngoma, kilima cha mizimu. Halafu mwaka 2011 mitambo ikaanza kuchimba ule mvuke, na mwaka 2023 kituo cha kwanza, cha megawati 35, kikaanza kutoa stima. Yaani mvuke ule ule! Fundi wa zamu ya usiku amepotea kule juu, buti zake zimepatikana ukingoni zimepangwa vizuri na kamba zimefungwa, wenyeji wanasema amechukuliwa, kampuni inasema ameacha kazi, mke wake anajua hajawahi kufunga kamba za buti zilizovuliwa hata siku moja. Nani alizifunga? Mi si mwandishi, naitoa bure kwa anayeweza, na sijali kama mwishowe itakua ni mtu ama ni morani, ilimradi kamba ziko hapo ukurasa wa pili.

Kwako Mhariri ombi langu ni moja. Tupe nafasi ya hadithi ya upelelezi ya mfululizo, hata nusu ukurasa kila Jumamosi, na usikubali kuanza kuichapisha kabla ya kuwa na sura ya mwisho mezani, usome kwanza kama jini ametajwa mapema. Abdulla mwenyewe alikua mhariri kama wewe, kuanzia 1958 hadi alipostaafu 1968 alihariri Mkulima, jarida la kilimo, na mwaka huo huo wa 1968 ndo riwaya yake Kisima cha Giningi ikatoka. Mtu alikua anapanga habari za karafuu na mbolea mchana na Bwana Msa anamngoja nyumbani.

Hiyo Kisima cha Giningi ninayo, kurasa zote ziko. Ninachotafuta ni riwaya yake ingine, Mwana wa Yungi Hulewa ya mwaka 1976, nimeuliza kwa wauza vitabu wote wa hapa mjini na dereva mmoja amenitafutia hadi Kisumu. Kama kuna msomaji anayo, hata ikiwa imeliwa na panya pembeni, aandike kupitia ukurasa huu tubadilishane, na huyu ndugu aliyeandika ile barua akitaka kuazima Mzimu wa Watu wa Kale yangu nitampa yeye kwanza, achunge tu ule uzi.

Soja msomaji,
Nakuru